Meza ya Alhamisi: tulivyonusuru fedha za Ulaya katika mabonde ya Wales

Dai letu la kwanza la fedha lilirudishwa Februari 2016 likiwa na maswali 41. Nilikesha siku mbili kulikusanya: hati za mishahara za watu 14, ankara, taarifa za benki, karatasi za saa za kazi, vyote kutoka kwa washirika 6 ambao kila mmoja alikuwa na namna yake ya kutunza kumbukumbu. Swali la kwanza liliuliza uko wapi mkataba wa ajira wa mshauri mmoja wa biashara. Swali la mwisho liliuliza kwa nini tangazo la kazi la mtu huyohuyo halina nembo ya Umoja wa Ulaya. Mpaka yote yajibiwe, hakuna hata pauni moja ambayo ingerudi, na sisi tulikwisha kuzitumia.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mhasibu, na makazi yangu ni kusini mwa Wales, Uingereza. Kuanzia 2015 nilisimamia madai ya mradi wa kusaidia biashara ndogo uliogharimiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Kanda wa Ulaya, ambao sisi wa kazi hiyo tunauita kwa herufi zake tu, ERDF. Ninaandika haya kwa sababu Waswahili wenzangu wanaoendesha asasi za wahamiaji Ujerumani na Uswidi wameniuliza zaidi ya mara moja: tukialikwa kuwa washirika katika miradi hii, tuingie au tukae mbali? Jibu langu ni kwamba muingie, ila muingie mkijua fedha hizi zinavyotembea.

Mfuko ulianzishwa 1975, na Uingereza, iliyokuwa imejiunga na Jumuiya ya Ulaya miaka miwili tu kabla, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizousukuma uanzishwe. Mabonde ninayoyasema, Rhondda, Merthyr Tydfil, Ebbw Vale na majirani zao, yaliishi kwa makaa ya mawe na chuma. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine baada ya mgomo wa wachimbaji wa 1984 na 1985, na kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kikafungwa 2002. Katika mpango wa 2014 hadi 2020, Wales Magharibi na Mabonde ilihesabiwa katika daraja la maeneo yenye pato la kila mtu chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja wa Ulaya. Ndiyo maana fedha zilielekezwa huko.

Lakini haziji mkononi kwanza. Unatumia fedha zako, unalipa, unathibitisha kwamba umelipa, ndipo unadai. Na kulipa si kupokea ankara wala kuandika hundi. Mkaguzi anataka kuona kwenye taarifa ya benki kwamba fedha zimetoka. Tena mfuko haulipi gharama zote, sehemu nyingine mnaichangia wenyewe. Halmashauri kubwa inaweza kungoja miezi. Asasi yenye wafanyakazi watatu haiwezi.

Kwenye karatasi, ushirika ni nguzo ya mfumo huu. Uliwekwa kuwa msingi katika mageuzi ya 1988, enzi za Jacques Delors, aliyekuwa rais wa Tume ya Ulaya, na mwaka 2014 ukaandikiwa kanuni zake za maadili, kanuni namba 240, zinazotaka mamlaka za mitaa, waajiri, vyama vya wafanyakazi na asasi za kiraia washirikishwe tangu kupanga hadi kutathmini. Kwetu sisi ushirika ulikuwa hati yenye sahihi 6, na kikao cha kila miezi mitatu ambacho kila mkurugenzi alisoma ripoti yake akaondoka. Wahasibu, ndio hasa wanaobeba mradi mgongoni, hawakuwahi kuonana.

Halmashauri yetu ndiyo iliyokuwa mshirika kiongozi. Maana yake, mshirika yeyote akikosea, Serikali ya Wales, iliyosimamia fedha hizi, inamdai kiongozi. Hofu hiyo ilinigeuza askari. Nilituma barua pepe zenye maandishi mekundu. Nilirudisha mafaili kwa sababu ya tarehe moja. Kadiri nilivyobana, ndivyo washirika walivyonificha mambo, na mhasibu wa asasi ndogo kuliko zote akaacha kabisa kunijibu.

Machi nilimfuata. Ofisi yao ilikuwa ndani ya kanisa la zamani, yale ya mawe ambayo kila kijiji cha mabonde kinayo mawili matatu na waumini wamekwisha. Alinikaribisha chai, akafungua kompyuta, akanionyesha salio la benki. Palikuwa na mishahara ya wiki 5. Yeye mwenyewe alikuwa hajajilipa tangu Januari ili wenzake walipwe.

“Wewe unaniuliza karatasi ya saa za kazi,” aliniambia taratibu, “mimi nahesabu kama Ijumaa mishahara itatoka.”

Sikuwa na la kumjibu. Miezi yote ile nilidhani ni mzembe.

Jumapili yake nilimpigia mama simu, na kama kawaida akanipa habari za upatu wao wa Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga. Zamu ilikuwa ya mtu mwingine, lakini binti wa mwenzao mmoja alikuwa amelazwa, wakampa yeye kwanza. “Sasa mwanangu,” aliniambia, “tungemngojesha zamu yake, angeendelea kutoa mchango kwa kipi?” Nilikata simu nikiwa na jibu la kazini kwangu. Upatu haujengwi na michango kulingana. Unajengwa na kujua nani ana shida mwezi huu na kupanga zamu ipasavyo.

Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi hesabu. Halmashauri iikopeshe asasi ile gharama za miezi mitatu mbele, kwa fedha za halmashauri yenyewe, kisha tujirudishie dai likilipwa. Tukiikosa asasi, tulikuwa tunapoteza robo ya wafanyabiashara tuliowaahidi serikali kuwa tutawafikia, na kuzikosa ahadi hizo kulikuwa na gharama kubwa kuliko mkopo. Mwanasheria wetu alichukua miezi minne kuandika kurasa mbili, lakini zikaandikwa.

Jambo la pili lilikuwa meza. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi nilibeba kompyuta na skana ndogo, nikaenda kwa mshirika mmoja, na wahasibu wote 6 wakaja hapohapo. Wakurugenzi sikuwaalika. Sharti lilikuwa moja: hakuna anayekagua faili lake mwenyewe. Mhasibu wa chuo anashika faili la asasi, wa asasi anashika la halmashauri, na kuendelea. Anatafuta mkataba wa ajira, hati ya mshahara, malipo kwenye taarifa ya benki, saa za kazi, nembo. Kisha anasaini kwamba ameona.

Alhamisi ya kwanza watu walinyamaza kama wako msibani. Ya pili, mhasibu wa asasi, yule niliyemdhania mzembe, aligundua kwamba halmashauri yetu ilikuwa imehesabu michango ya pensheni mara mbili. Kosa lilikuwa langu. Nililikubali mbele ya wote na nikalirekebisha palepale. Naamini mradi ulianza siku ile, mwaka mmoja baada ya kuzinduliwa.

Meza ilitufumbua macho kwa mambo ambayo barua pepe zisingeweza. Kwa mfano, katika yale maswali 41, 9 yalihusu bili za umeme na kodi ya pango, na bili zile hazikutakiwa kuwamo kabisa. Mradi wetu ulitumia utaratibu rahisi unaoruhusiwa na kanuni: gharama za uendeshaji zinalipwa kama asilimia 15 ya gharama za watumishi wa mradi, bila risiti hata moja. Washirika wawili hawakulielewa hilo, wakaendelea kunitumia bili kwa uaminifu, nami nikaziambatisha kwa sababu nilidhani wana maelekezo mengine. Tulilimaliza kwa dakika 20 za kuelezana tukiwa na kalamu mkononi.

Saa za kazi zilitutesa zaidi. Mtu anayefanya nusu ya wiki kwenye mradi na nusu kwingine alitakiwa kuandika kila saa, na kiwango chake cha saa kinapatikana kwa kugawa gharama ya ajira yake ya mwaka kwa 1,720. Karatasi hizi ndizo zilizokuwa na makosa kuliko kitu chochote. Mwaka 2018 kanuni za Ulaya zilibadilishwa, zikaruhusu mwajiri aeleze kwa maandishi asilimia isiyobadilika ya muda ambao mtumishi anautoa kwa mradi kila mwezi, na karatasi za saa zisihitajike. Mhasibu wa chuo ndiye aliyeiona habari hiyo kwanza, akaileta mezani. Tulipopata idhini, nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Manunuzi sasa. Hapa ndipo ushirika wetu ulipopimwa kwelikweli, na hapa ndipo ningewaomba ndugu wa Ujerumani na Uswidi wasome polepole. Mshirika mmoja alikuwa ameagiza tovuti kwa simu, kwa kampuni anayoijua, bila kutafuta nukuu za bei kwa wengine. Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa 2013, uliotumika wakati ule, ulitaja makato ya asilimia 5, 10, 25, hata 100 kulingana na uzito wa kosa la manunuzi, na la kutotangaza lilikuwa kati ya mazito. Zamani angelificha na kuomba Mungu mkaguzi asilione. Safari hii alilisema mwenyewe mezani kabla ya dai kutumwa. Tuliiondoa ankara ile kwenye dai, akailipa kwa fedha zake, na hasara ikaishia hapo.

Baada ya tukio hilo tuliiandika upya hati ya ushirika. Kifungu nilichokipigania kilisema hivi: kosa lililotajwa mezani kabla ya dai, washirika wote wanasaidia kulitatua na gharama inajadiliwa, kosa lililofichwa na kugunduliwa na wakaguzi, aliyelificha analibeba peke yake. Kama mnaalikwa kwenye mradi, kabla ya kusaini ulizeni mambo matatu. Nani anatanguliza fedha? Nani anabeba makato? Tukiishiwa kabla ya dai kulipwa, tunamwendea nani? Kiongozi asiye na majibu ya maswali hayo bado hajawa tayari kuwa na washirika.

Dai la Mei 2017 lilirudi na maswali 6.

Katikati ya yote hayo ilikuja kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016. Wales ilichagua kutoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 52.5, na Blaenau Gwent, wilaya ya Ebbw Vale, kwa asilimia 62. Asubuhi yake niliendesha gari kwenye barabara ya A465, ambayo upanuzi wake uligharimiwa kwa sehemu na fedha hizihizi, nikipita mabango ya buluu yenye nyota. Niliumia. Wiki iliyofuata nilimtembelea fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mradi ulimsaidia kununua mashine, na aliniambia bila kificho kwamba alipiga kura ya kutoka.

“Fedha zile ni zenu na halmashauri,” alisema. “Mimi nilichokiona ni fomu.”

Niliyafikiria maneno yale kwa siku nyingi. Fomu yetu ilikuwa na kurasa 11. Kanuni za 2014 zinataka wale wanaoguswa na mradi washirikishwe, na sisi hatukuwa na mwenye karakana hata mmoja kwenye kamati. Agosti, Hazina ya Uingereza ilipotoa dhamana ya kwanza kwa miradi iliyokwisha kusainiwa, watumishi walitulia kidogo, nami nikapata nafasi ya kuomba viti viwili vya wafanyabiashara. Fundi yule alikuwa wa kwanza kualikwa. Alikubali kwa sharti kwamba kikao kihamishwe kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, karakana ikishafungwa. Ndani ya vikao viwili, yeye na mwenzake mwenye duka la mikate waliipunguza fomu ikabaki na kurasa 4. Serikali iliikubali. Kumbe kurasa 7 tulijitungia wenyewe kwa hofu.

Mwaka 2019 tulibanwa na muda. Fedha zilizotengwa kwa mwaka fulani lazima ziwe zimedaiwa Brussels, yalipo makao ya Umoja wa Ulaya, kabla ya mwisho wa mwaka wa tatu baada yake, la sivyo zinapotea, na Serikali ya Wales ilikuwa ikiisukuma miradi yote itumie ilichoahidi. Chuo kilikuwa nyuma sana. Washauri wake wawili waliacha kazi na nafasi hazikujazwa. Asasi ya kwenye kanisa la zamani, kwa upande wake, ilikuwa na orodha ya wafanyabiashara wanaongoja.

Kwenye kikao cha Novemba, fundi alishika karatasi ya hesabu, akaweka kidole kwenye mstari wa chuo. “Hizi kwa nini zimekaa?” aliuliza. Nilijiandaa kumtetea mwenzangu, lakini mhasibu wa chuo alikuwa ameshafungua mkoba wake. Alitoa karatasi mbili zenye sahihi ya mkuu wa chuo: wanaachia theluthi ya bajeti yao iende kwa asasi, kuanzia Januari. Hakuna aliyemwomba. Mhasibu wa asasi alizisoma mara mbili, kisha akamuuliza kama Alhamisi inayofuata anaweza kuja mapema, waanze kuhamisha mafaili pamoja.