Herufi moja ya jina la babu

Babu yangu alipigana Bama. Ndivyo alivyoitamka, na sisi wajukuu tulidhani ni kijiji kilichoko nyuma ya Ukunda. Kumbe ni Burma, Myanmar ya leo, katika Vita Kuu ya pili. Alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, aliyeandikishwa akiwa kijana wa Likoni. Alirudi na nishani mbili, blanketi la kijivu na maneno machache ya Kihindi ambayo aliyatumia kumfokea paka tu. Ukimwuliza habari za vita, jibu lake lilikuwa: "Mvua. Mvua, matope na ruba." Basi. Kiinua mgongo alikitaja mara moja, kwa kucheka, kwamba kilimtosha cherehani kuukuu. Askari Mwafrika alipewa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile, na hiyo haikuwa bahati mbaya, ilikuwa ndiyo kanuni yenyewe.

Alifariki mwaka 1993, Mungu amrehemu. Nyanya akabaki na cherehani na sanduku la mabati.

Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza fungu la fedha kwa ajili ya askari wa Jumuiya ya Madola waliotumikia kabla ya uhuru, pamoja na wajane wao, ili wasio na kitu wapate angalau milo miwili kwa siku. Miaka 73 tangu vita viishe, mtu anakumbukwa kwa chakula cha mchana na cha usiku! Lakini nyanya hakuniruhusu kukejeli. "Wewe una njaa?" aliniuliza. Nikanyamaza.

Aliyetuletea habari ni katibu wa chama cha wazee wa jeshi. Yeye si keya. Alikuwa mwanamaji pale Mtongwe, na jeshi la wanamaji la Kenya lilizaliwa Desemba 1964, Bama ikiwa imeshakuwa hadithi. Wengi wa wenzake ni wa rika lake, na wengine ni vijana waliotoka Somalia juzi tu, bado wakishtuka mlango ukibamizwa. Hao ndio wanaozunguka kuwatafuta wajane wa keya, huyu Timbwani, yule Mtaani Shika Adabu. Hawana gari. Wana daftari, muhuri, na nauli wanayochangishana wenyewe.

Sanduku likafunguliwa. Kitabu cha jeshi cha babu kilikuwepo, kimeliwa na mende pembeni. Tatizo: jina lake huko limeanza kwa K, na kwenye kitambulisho cha nyanya mume huyo huyo anaanza kwa H. Ofisi moja mjini, ambayo siitaji, ilituambia huyo ni mtu mwingine. Karani hakuinua hata macho.

Tulirudi mara tatu. Mara ya pili, katikati ya kivuko, katibu alimwonyesha nyanya maji ya Kilindini. Akasema ni hapa ilipong'oa nanga meli ya Khedive Ismail, Februari 1944, imejaa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wiki moja baadaye, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa muda usiozidi dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Nyanya alitazama maji, feri ikinguruma, watu wakigombania kivuli.

"Na wajane wao," akasema, "nani aliwajazia fomu?"

Katibu hakuwa na jibu. Nilimwona akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Siku ile ile tulipita kwa tuktuk mbele ya sanamu za askari, Barabara ya Jomo Kenyatta. Zimesimama pale tangu 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi nzuri. Ila hakuna jina hata moja pale. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe kwamba Waafrika na Waasia wengi waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza hawakuandikwa popote kwa majina yao.

Mara ya tatu katibu alikuja na hati ya kiapo, barua ya chifu, na wazee wawili waliomjua babu. Mmoja alisimulia kwa karani, bila kuombwa, jinsi babu alivyokuwa akimtukana paka wake. K ikakubaliwa kuwa H.

Nyanya alikula pesa zile miaka miwili. Alinunua mchele, samaki, na mara moja leso ambayo kwa kweli haikuwa chakula.

Siku ya maziko yake walifika wanachama kumi na mmoja. Mkamba mmoja na Mluhya mmoja, Wakristo wote wawili, walikuwa wamevaa kofia za vito kwa heshima, zimewabana kidogo. Walikaa mkekani mpaka hitima ikaisha, wakatoa bahasha. Kisha katibu akanijia uani, daftari mkononi, kalamu tayari.

"Mwanangu," akasema, "jina la marehemu twaliandikaje?"

Nikamtajia herufi moja moja.