Mwamba mpya au ule wa siku zote?

Jamani, leo nimerudi na mjomba kutoka kuvua nje ya kisiwa cha Manda, Lamu, na maneno yake bado yananizunguka kichwani. Msimu wa kaskazi ukianza, mwishoni mwa mwaka, yeye hujaribu miamba asiyoijua. Anateremsha mshipi, akiona ni changu wadogo wadogo tu, anang'oa nanga. Ikifika Machi habahatishi tena, anakwenda palepale penye tewa. Kusi, msimu wa bahari kuchafuka, inakaribia; hata akigundua mwamba mpya, ataufaidi lini? Wanaosema wazee hawapendi mambo mapya hawajakaa nao chomboni. Wanahisabati nao wamelihangaikia sana swali hilihili: lini ujaribu kipya, na lini ubaki na kile unachokijua. Herbert Robbins wa Marekani aliliandikia mwaka 1952. Ndugu zangu wavuvi wa Malindi, nyinyi huacha kubahatisha mwezi gani?