Saksofoni ni koni yenye matundu

Mwili wa saksofoni ni wa shaba, lakini chombo chenyewe hakihesabiwi pamoja na tarumbeta. Kwenye tarumbeta kinachotetemeka ni midomo ya mpigaji. Kwenye saksofoni ni tete moja, kipande cha mmea kilichochongwa hadi ncha ikawa nyembamba kama karatasi, sawa na la klarineti. Kwa hiyo wanamuziki huiweka kwenye kundi la ala za mbao, na wako sahihi.

Klarineti na saksofoni zinatofautiana kwa umbo la bomba. Bomba la klarineti lina upana ule ule kwa sehemu kubwa ya urefu wake. La saksofoni linaanza jembamba shingoni na kuzidi kutanuka mpaka mdomo wa chini: ni koni ndefu iliyokunjwa. Ukilazimisha klarineti ipande, inaruka hadi noti ya kumi na mbili, yaani inapita oktavu (umbali wa noti nane, kama G hadi G inayofuata), hivyo vidole vinalazimika kujifunza mpangilio mwingine. Koni inaruka oktavu kamili. G ya chini na G ya juu zinashikwa kwa vidole vile vile. Kinachoongezeka ni dole gumba la kushoto tu, linalobonyeza kitufe cha oktavu.

Adolphe Sax, aliyeibuni saksofoni, aliijua shida ya klarineti vizuri. Alizaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka 1814, mtoto wa fundi wa ala, na mwaka 1838 alipata hataza ya klarineti ya besi aliyoiboresha. Alihamia Paris mwaka 1842, na mwaka huo huo mtunzi Hector Berlioz akakisifu gazetini chombo kipya cha Sax. Hataza ya saksofoni ilitoka tarehe 28 Juni 1846, ikiwa ya familia nzima, kubwa kwa ndogo. Bendi za jeshi la Ufaransa zilihitaji sauti ya kujaza nafasi kati ya ala za mbao, zinazomezwa uwanjani, na za shaba, zinazozimeza nyingine. Saksofoni iliiziba nafasi hiyo barabara.

Washindani wa Sax walimburuta mahakamani miaka mingi, na alifilisika mara tatu: 1852, 1873 na 1877. Darasa la saksofoni alilofundisha kwenye chuo cha muziki cha Paris tangu 1857 lilifungwa mwaka 1870, likarudi 1942 chini ya Marcel Mule. Miaka 72! Kwa maoni yangu pengo hilo ndilo lililoinyima saksofoni kiti cha kudumu kwenye okestra. Bizet aliitumia mwaka 1872, Ravel akaiweka kwenye Boléro mwaka 1928, lakini mpaka leo huitwa kama mgeni.

Marekani ndiko ilikopata kwao. Tete pana na koni vinaiachia noti ipindwe kwa taya na koo, na ulegevu huo, ambao mtu wa okestra anauogopa, mpigaji wa jazi anautafuta. Coleman Hawkins alipoirekodi Body and Soul tarehe 11 Oktoba 1939, aliugusa wimbo wenyewe mwanzoni tu, kisha akajenga wimbo wake juu ya kodi (mafungu ya noti zinazosikika pamoja) za wimbo huo. Wapigaji wengi wa saksofoni ya tena (tenor, kubwa kuliko alto) walijifunza kwa kuisikiliza rekodi ile. Lester Young alionyesha kwamba saksofoni hiyo hiyo ya tena inaweza kunong'ona. Charlie Parker akaipa kasi saksofoni ya alto. John Coltrane akairudisha soprano, iliyo ndogo kuliko alto, mbele ya watu. Afrika nayo iliitikia: Soul Makossa ya Manu Dibango, ya mwaka 1972, ilivuka bahari.

Turudi kwenye koni. Ncha yake imekatwa ili kipande cha mdomoni kikae, na nafasi iliyo ndani ya kipande hicho inapaswa kufidia ncha iliyopotea. Ukikisukuma mno kwenye koki, lile gamba laini la kizibo linalozunguka shingo, noti za juu zinapanda kuliko za chini, na oktavu hazikubaliani tena. Kwa alto, puliza kipande cha mdomoni peke yake: kitoe A ya hezi 880 hivi. Kikienda juu zaidi, unauma sana. Kisha kiingize mpaka karibu nusu ya koki na urekebishe kidogo kidogo ukisikiliza oktavu zote mbili.

Anayeanza achukue tete namba 2 au 2½. Lililo gumu mno linatoa hewa kuliko sauti. Laini mno linajifunga ukipuliza kwa nguvu, na noti zinashuka. Lilowanishe dakika moja, ulilaze ncha zikilingana, ukaze bano linalolifunga kwenye kipande cha mdomoni kiasi cha kulishika tu.

Noti za chini zikikoroma au zikiruka juu, usilaumu pumzi kwanza. Kila noti inahitaji pedi zote (vifuniko vya matundu) zilizo juu yake zifunge kabisa, hivyo tundu moja linalovuja juu linaharibu kila kitu chini yake. Shuka polepole kutoka B ya katikati. Pale sauti inapodhoofika, kagua pedi uliyoifunga sasa hivi: weka chini yake ukanda wa karatasi nyembamba ya sigara, ifunge kwa nguvu ya kawaida, uvute. Jaribu pande zote za pedi. Upande ambao karatasi inateleza bila kushikwa, ndiko hewa inakotokea. Angalia pia tundu dogo la shingoni: ukishika G ya juu lazima libaki limefungwa, na ukishika A lifunguke. Shingo ikikamatwa vibaya wakati wa kuunganisha, kipete kinachoendesha kifuniko cha tundu hilo kinapinda na tundu halifungi tena.

G-shapu ikigoma, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kitufe chake hakiinui pedi, kinaiachia tu, na springi ndogo ndiyo inayoiinua. Mate yenye sukari yakikaukia pale, springi inashindwa. Ibandue taratibu kwa kidole, pangusa ukingo wa tundu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na kabla ya kupiga suuza mdomo kwa maji.