Siku ya mpiga kanuni wakati wa tamasha

Saa 11:30 alfajiri. Nikishasali sirudi kulala. Februari ni kaskazi, na jua likishapanda Mji Mkongwe unakuwa tanuri, kwa hiyo kazi ya kulinganisha nyuzi naifanya sasa hivi. Kanuni yangu, ala ya muziki ya kupakata mapajani, ina nyuzi 78 zilizopangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Naipakata, nashika ufunguo, naanza na nyuzi nene. Nikifika katikati, zile za mwanzo zimeshaanza kushuka, maana unyevu wa bahari huilegeza ngozi inayobeba daraja la nyuzi. Narudi nyuma, nainamisha sikio, naendelea. Leo ni siku ya ufunguzi wa Sauti za Busara, tamasha la muziki la hapa Zanzibar, na kikundi chetu cha taarabu kinapanda jukwaani usiku ndani ya Ngome Kongwe.

Saa 2 asubuhi. Chai ya iliki, mkate wa ufuta, maharage ya nazi. Wazee barazani wananiuliza tutafungua na bashraf gani, yaani kipande gani cha ala tupu. Nawaambia waje wasikie.

Saa 3 hadi saa 6 mchana nafundisha. Tangu Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilipoanzishwa mwaka 2002, vijana wengi wamepata mahali pa kujifunza udi, fidla na kanuni bila kusubiri mzee mmoja apate nafasi. Wanangu wa leo ni watatu, mmoja binti mwenye vidole vyepesi mno. Namvalisha pete kwenye kidole cha shahada cha kila mkono, kile kipande cha pembe kinabanwa humo, anapiga. "Mwalimu, mbona mkono wangu wa kushoto unachelewa?" Namwambia auache uchelewe nusu pigo, ndiyo ladha yenyewe. Kisha wananidai hadithi wanayoipenda, ya Sultani Barghash kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni. Ndivyo tulivyosimuliwa na waliotutangulia, na mimi naipeleka mbele. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa walianza mwaka 1905 na mpaka leo wanapiga, kwa hiyo watoto hawa wanapogusa nyuzi wanajiunga na safu ndefu.

Saa 9 alasiri gwaride linatoka upande wa Michenzani. Kama unakuja tamashani kwa mara ya kwanza, usilitazame kutoka juu ya paa la hoteli. Shuka, ingia katikati, tembea nalo. Beni wanapuliza tarumbeta, ngoma zinajibu, watu wa mironjo wanapita juu ya vichwa vyetu, na ukifika Darajani wauza vitambaa wanaacha biashara wanatoka milangoni. Bibi mmoja mwenye kanga mbili ananishika mkono: "Mwanangu, leo mtatupigia zile za zamani?" Namwahidi.

Kabla ya kupanda jukwaani nakula urojo, na hapa sina haraka. Mama anayenipikia anauza kwenye kichochoro nyuma ya soko, hana kibao wala jina ukutani. Anachota mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu na embe mbichi, anatumbukiza viazi, bajia, kachori na vipande vya mishikaki, halafu anamwaga chatini ya nazi na pilipili. Mwisho kabisa ananyunyizia chipsi za muhogo, nazo inabidi uziwahi zikiwa bado zinalia mdomoni. Forodhani ni pazuri, pweza na maji ya miwa yenye tangawizi havikosekani, na mgeni lazima apite pale magharibi. Lakini urojo ufuate vichochoroni, uliza watu, watakuonyesha.

Saa 11 jioni majaribio ya sauti. Fundi mitambo ni kijana msikivu. Maikrofoni ya kanuni anaisogeza kidole kimoja baada ya kingine mpaka fidla zikome kuifunika.

Saa 2 usiku tunaanza. Vikundi vya nyumbani vikitangulia, wageni wengine wanakuwa bado wako mezani, nami nasikitika kwa ajili yao. Ingieni mapema! Bashraf haina maneno, ni ala tupu zikiitana, nayo ndiyo inayolisafisha sikio kabla ya mwimbaji kuingia. Akiingia, uwanja unageuka. Mama mmoja wa makamo anainuka mstari wa tatu, anakuja taratibu kwa mwendo wa mapigo, noti mkononi, anamtunza mwimbaji kwenye beti inayozungumza na moyo wake. Wenzake wanaelewa, wanapiga vigelegele. Wanafuata wawili, kisha watano. Mgeni kutoka Dodoma anamuuliza jirani yake kama na yeye anaruhusiwa. Anaruhusiwa, bila shaka. Kutunza ni kumjibu mwimbaji, na taarabu isiyojibiwa inapungua nusu. Napiga nikiwatazama, na ile beti tunairudia mara mbili zaidi kwa sababu yao.

Saa 4 kidumbak, ndugu wa taarabu wa kuchezeka, kinachukua nafasi. Sanduku, lile besi la uzi, linavuma, manyanga yaitwayo cherewa yanachekecha, hakuna kiti kinachokaliwa tena.

Saa 6 usiku, nyuma ya jukwaa, mpiga gitaa mmoja kutoka bara anaomba kuipakata kanuni. Naiweka mapajani mwake, namvalisha pete. Anatafuta mlio aliouzoea, anaukosa, namwonyesha kijibao cha shaba kinachoupandisha uzi kwa robo ya sauti. Anakigeuza, anapiga, anarudia, anaita wenzake waje kusikia. Ana maswali kuliko muda tulionao, kwa hiyo tumepatana aje darasani kesho saa 4 asubuhi na gitaa lake, tuanze na rasti, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu.