Chukudu 58, maharagwe 61

Dirisha la shangazi yangu hapa Goma linatazama barabara inayoteremka kutoka upande wa Kibumba. Nilitaka kujua chukudu ngapi (baiskeli za mbao zisizo na pedali, za kubebea mizigo) hupita asubuhi, nikafunga kamera ndogo pale na kuiunganisha na laptopu yangu, isiyo na kadi ya michoro ya kuharakisha hesabu za picha.

Nilianza na MOG2, njia ya kutambua kinachosogea iliyomo ndani ya OpenCV, maktaba ya programu za kuchambua picha. Inajifunza sura ya barabara tupu, na chochote kinachotofautiana nayo inakihesabu kuwa kinasogea. Sasa, mtaani kwetu nini hakisogei? Miavuli ya wauza krediti, vivuli vya mawingu, vumbi jeusi la volkano nyuma ya lori. Kabla ya saa tatu nilikuwa na “chukudu” mia tisa.

Nikahamia YOLO, programu inayotambua kitu kwa umbo lake. Mfano (modeli) niliopakua ulifundishwa kwa COCO, mkusanyiko wa picha zilizowekewa majina ya vitu, wenye aina 80 za vitu: twiga yumo, pundamilia yumo, hata mswaki. Chukudu haimo! Msukumaji alitambuliwa kuwa mtu, mzigo wake mara baiskeli, mara si kitu. Basi nikapiga picha mwenyewe wiki mbili, za makala (mkaa), kabichi, hata kitanda kizima juu ya chukudu, nikazichorea visanduku zaidi ya 600 kuzunguka chukudu na kuufundisha mfano upya. Mgongo bado unaniuma.

Macho yakapona, kumbukumbu bado. Chukudu moja ilihesabiwa mara tatu, maana kila ikizibwa na pikipiki na kutokea tena ilipewa namba mpya. Nilikuwa natumia SORT, njia ya mwaka 2016 ya kufuatilia kitu kutoka fremu (picha moja ya video) hadi nyingine: kichujio cha Kalman kinakisia kitu kitakuwa wapi katika fremu ijayo, kisha kisio kinalinganishwa na kisanduku kilichoonekana. Ukiiacha ilivyo, husubiri kitu kilichopotea fremu moja tu. Nikaipa 30. Halafu laptopu ilimudu fremu 4 kwa sekunde, na chukudu ikiteremka kwa kasi huwa imeshafika mbali na kisio. Nikapunguza picha hadi pikseli 320, nikapata 11.

Siku ya jaribio shangazi alikaa dirishani na bakuli, kila chukudu punje moja ya haragwe. Yeye 61, mimi 58. Tukarudia video: tatu zilipita pamoja nyuma ya Fuso.

“Mutoto wangu,” akasema akirudisha maharagwe kwenye gunia, “mimi niliinuka.”