Swali Namba Sita: Jinsi Kijiji Chetu Kilivyofika Bungeni

Kila niliyemweleza kwamba tunataka suala la maji ya kijiji chetu liulizwe bungeni alikuwa na ushauri wake, na karibu ushauri wote niliopewa ulikuwa mbovu. Mmoja aliniambia bungeni ni kujuana tu, nisijisumbue. Wa pili akasema tuandike kila kitu, tusiache hata neno, ili mbunge alie kwa niaba yetu. Shemeji yangu anayeishi Majengo, mjini Dodoma, tena miaka mingi, akaniambia twende jioni, eti asubuhi wabunge wanasoma karatasi zao na mambo yenyewe huanza jua likipoa. Huyo ndiye aliyetugharimu zaidi, na nitamfikia.

Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Kisima tunacho, lakini maji yake yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai hata uitie sukari kiasi gani unaisikia chumvi nyuma ya ulimi. Kwa hiyo kiangazi kikikaza kina mama wanarudi kule kule walikokuwa wakienda bibi zao, korongoni, kuchimba mchanga na kusubiri maji yajikusanye chini. Bibi mmoja wa kwetu, ambaye tulikwenda naye Dodoma, huwa anasema kwamba mwaka 1973, siku waliyosikia redioni kuwa Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi, yeye alikuwa binti na ndoo ilikuwa kichwani, anatoka mchangani. Mpaka mwaka juzi alikuwa bado anatoka mchangani.

Barua yetu ya kwanza kwa mheshimiwa mbunge ilikuwa ya kurasa tatu. Niliiandika mwenyewe na niliipenda. Ilikuwa na historia ya kijiji, chumvi, watoto kuchelewa shuleni, ng'ombe, hadi zahanati. Msaidizi wa mbunge, kijana mpole sana, aliisoma yote mbele yangu, kisha akasema, "Kaka, hapa kuna maswali tisa. Swali la msingi linatakiwa liwe moja, na liishie kwenye mistari michache. Serikali inaandaa jibu la kile kilichoulizwa." Nilirudi nyumbani nimeudhika, lakini alikuwa na haki. Tulikaa chini ya mbuyu jioni nzima, mwenyekiti wa kijiji, mimi na wajumbe wanne, tukikata maneno. Zahanati tukaiweka kando, ng'ombe nao tukawaweka kando. Ilibaki sentensi moja: Je, ni lini Serikali itachimba kisima cha maji yasiyo na chumvi katika kijiji chetu? Ukiangalia maswali mengi ya bungeni utayakuta yanaanza hivyo hivyo, "Je, ni lini". Neno "lini" lina nguvu kwa sababu linadai tarehe. Ukiuliza "Je, Serikali ina mpango gani", utapewa mpango.

Kisha tukasubiri. Mkutano wa Bunge la Bajeti ulikuwa umeshaanza, ule wa mwezi wa nne mpaka wa sita, na taarifa tuliyopata ilisema swali letu lingepangwa "katika mkutano huu". Hapo ndipo tulipopotea. Sisi kwetu mkutano ni wa siku moja: mnakutana, mnasema, mnatawanyika. Shemeji naye akanipigia simu kwa furaha: mkutano umeanza, njooni, ila njooni jioni.

Tukaenda, mimi na mwenyekiti. Tuliamka saa tisa usiku kuwahi gari, tukashuka mjini kumekucha, upepo wa Dodoma unatupiga vumbi la macho, tukaenda kulala kwa shemeji mpaka mchana kama alivyoshauri. Wali, maharage, mchicha, tukashukuru. Saa tisa alasiri tukaelekea Bungeni, na Bunge liliporudi kutoka mapumziko ya mchana sisi tulikuwa tumeshakaa jukwaa la wageni, suti zimenyooka, tunasubiri kusikia jina la kijiji chetu.

Tulisubiri sana. Mbunge mmoja alisimama, akachangia, kengele ikagonga, akaendelea kidogo, ikagonga ya pili, akaambiwa muda wake umekwisha. Akaitwa mwingine. Ilikuwa bajeti ya wizara nyingine kabisa. Mwenyekiti alininong'oneza kila baada ya dakika chache, "Sasa?" Nami najibu, "Bado, mzee." Pembeni yetu alikaa binti mmoja mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ameshika karatasi. Aliona tunavyohangaika. Tulipotoka nje akatuamkia, akauliza tulikuwa tunasubiri nini. Tukamwambia: swali letu.

"Maswali yaliisha asubuhi, baba," akasema. "Jioni hakuna maswali."

Miguu ilikufa ganzi. Nilidhani limeulizwa na sisi tumelala kwa shemeji. Lakini binti yule akafungua karatasi yake, na naweza kusema kwamba dakika kumi tulizosimama naye pale zilitufaa kuliko yote tuliyoambiwa miezi mitatu. Ilikuwa Orodha ya Shughuli za siku hiyo. Akatuonyesha juu kabisa: Mkutano wa ngapi, Kikao cha ngapi, tarehe. Mkutano ni ule mrefu wa wiki nyingi, kikao ndiyo siku moja ndani yake. Chini yake shughuli zimepangwa kwa namba za Kirumi, na zinakwenda kwa mpangilio huo huo: Dua kwanza, saa tatu asubuhi, kisha Hati za Kuwasilisha Mezani, kisha Maswali, na baada ya hapo ndiyo Hoja za Serikali, ambazo katika msimu wa bajeti ndizo zinazomeza siku yote iliyobaki. Kila swali lina namba yake, jina la mbunge, wizara inayoulizwa na maneno ya swali lenyewe. Tukapitisha kidole. La kwetu halikuwemo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Mwenyekiti akataka turudi kijijini usiku ule ule. Mimi nikang'ang'ania tubaki, kwa sababu binti alikuwa ametuambia kwamba kesho yake jioni wizara ile ingefika Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitisha fedha za wizara, na anayetaka kuelewa Bunge asikose hiyo. Tukabaki. Kesho yake Spika alitoka kwenye kiti chake cha juu akakaa mezani, akawa anaitwa Mwenyekiti, na vifungu vya wizara vikaanza kusomwa kimoja baada ya kingine. Kilipofika kifungu chenye mshahara wa waziri, wabunge wakasimama. Mmoja akasema asipopata maelezo ya kutosha ataondoa shilingi kwenye mshahara huo. Mwenyekiti wangu akanishika mkono. Alikuwa amesikia maneno "kushika shilingi" maisha yake yote na alidhani ni usemi tu. Ni shilingi kweli, inatajwa, inajadiliwa, na mbunge akiridhika na maelezo anairudisha. Baadaye wakaulizwa wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na fedha za mwaka mzima zikapita kwa sauti. Safari hiyo yote, nauli, chakula na zawadi ya sukari kwa shemeji, ilinila kama elfu sabini hivi. Siijutii.

Tangu hapo sikumsikiliza mtu tena. Orodha za shughuli zinawekwa kwenye tovuti ya Bunge, na mimi nikawa nafungua simu kila siku ya kikao, naangalia vitu viwili tu: wizara na jimbo. Ukiwa kijijini mtandao ukisumbua, mwombe mtu mwenye simu nzuri mjini akusomee. Usikubali kuambiwa "wiki hii".

Sasa niseme kuhusu maswali ya nyongeza, maana hili tulilibuni wenyewe chini ya mbuyu na ninajivunia. Swali la msingi jibu lake limeandikwa tayari, Naibu Waziri anasimama analisoma. Lakini mbunge aliyeuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, palepale, na yanatakiwa yatokane na jibu. Wengi wanayapoteza. Nimesikiliza vikao vingi sasa, na swali ninalolisikia sana ni, "Je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda jimboni?" Jibu lake ni "niko tayari", makofi, limekwisha. Sisi tulijiuliza: jibu linaweza kuwa la namna gani? Tukaona ni mbili tu. Ama watasema fedha zimetengwa, ama watasema utafiti wa maji chini ya ardhi utafanyika kwanza. Nikachukua kadi mbili ngumu, zile za kufungia madaftari. Ya kwanza nikaandika juu "WAKISEMA FEDHA", ya pili "WAKISEMA UTAFITI", na chini ya kila moja maswali mawili mafupi. Mheshimiwa alipozipokea alizisoma mara mbili, akacheka kwa furaha, akaziweka mfuko wa koti.

Swali lilipangwa mwezi wa tano, la sita kwenye orodha. Safari hii tulikwenda watano, na bibi yetu akiwemo. Nilikuwa na hofu moja tu juu yake: bibi huyu akifurahi hupiga vigelegele vya kuamsha kijiji, na jukwaa la wageni linataka ukimya kabisa, hakuna makofi wala neno. Siku tatu kabla tulifanya mazoezi uwanjani kwake. Mjukuu anasoma jina la kijiji kwa sauti kubwa, bibi ananyamaza. Mara mbili alishindwa. Mara ya tatu akavuta pindo la khanga akaling'ata, na likafaa. Tukakubaliana hivyo.

Saa tatu kamili Mpambe wa Bunge akaingia ametangulia na siwa, lile rungu la heshima la Bunge, begani, Spika nyuma yake, ukumbi mzima umesimama. Dua ikasomwa. Hati zikawekwa mezani, haraka haraka. Katibu wa Bunge akataja Maswali. La kwanza la barabara, la pili la umeme, nami nahesabu kwa vidole juu ya goti ili wazee waone. Nilipokunja kidole cha tano nikamgusa bibi. Mheshimiwa wetu akasimama. Naibu Waziri akajibu kwa niaba ya Waziri wa Maji: Serikali itafanya utafiti wa maji chini ya ardhi katika mwaka wa fedha ujao. Nikaona mkono wa mheshimiwa unaingia mfukoni na kutoa kadi. Ilikuwa ya pili.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi na unakwisha Juni 30, ni miezi kumi na miwili, mtu anaweza kuzeekea humo. Swali letu la nyongeza lilikuwa: utafiti huo utafanyika robo ipi ya mwaka? La pili: wakati utafiti unasubiriwa, wananchi wa kaya zaidi ya mia tatu wanywe maji gani? Naibu Waziri alikaa kimya kidogo, akasema robo ya kwanza. Na kuhusu maji ya sasa akaahidi wataalamu wa RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, wa wilaya waje kuangalia chanzo kingine cha muda. Niligeuka kumtazama bibi. Khanga ilikuwa imo mdomoni yote, pindo hadi jina, na machozi yanatiririka.

Maswali yalipokwisha wageni wakatangazwa, nasi tukasimama, wabunge wakagonga meza. Wazee walitamani kuondoka hapo hapo wakatoe habari. Tulikaa mpaka mapumziko ya saa saba, kwa heshima.

Kuhusu kuingia sina hadithi, kibali kilipita kwa mheshimiwa na vitambulisho tulikuwa navyo. Simu zetu zilibaki mapokezi, kwa hiyo anayetaka kukumbuka maneno asitegemee kurekodi. Hata hivyo kila neno linaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, Hansard, na ndiyo niliyoihitaji kuliko picha. Ilipopatikana nilichapisha ukurasa ule mjini kwa mia chache, nakala nne. Moja ipo ofisi ya kijiji, moja kwa diwani, moja nilimpelekea mtaalamu wa maji wilayani mwanzoni mwa Julai. Sikumlalamikia chochote. Nilimsalimu, nikaweka karatasi mezani, nikaonyesha mstari wenye maneno "robo ya kwanza". Akausoma, akaandika kwenye kitabu chake.

Walikuja mwezi wa tisa na mashine ya kupimia, wakavuta nyaya chini ya miti siku mbili, wakaacha kigingi chenye rangi nyekundu hatua kama mia mbili kutoka kwenye mbuyu ule tuliokatia maneno. Mtambo wa kuchimba ulifika baadaye, na hiyo ina kisa chake. Nakala ya nne ya Hansard alichukua bibi. Hasomi, lakini anajua mstari ulipo, na mgeni yeyote akifika kwake humpa asome kabla ya maji ya kunywa.