Bando la Mwanafunzi Ndilo Lililonichagulia Seva

Nafundisha hisabati sekondari hapa Mbeya. Tangu 2019 nina tovuti ya maswali ya mapitio ninayotunga mwenyewe, na majibu yake nayaweka kwenye PDF. Mwanzoni waliingia wanafunzi wangu tu. Oktoba 2022, wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, wakaanza kuja wa Tabora, Mtwara, hadi Unguja. Jumapili moja saa mbili usiku tovuti ikakataa kufunguka. Ikawa inaleta kosa namba 508, maana yake umemaliza sehemu yako ya seva, ile kompyuta inayowapa wageni kurasa za tovuti.

Nilikuwa nimelipia hosti ya kuchangia, ile ya tovuti nyingi kwenye seva moja, na tangazo lake lilisema "bila kikomo". Kikomo kilikuwepo, ila hakikuwa kwenye nafasi ya faili. Kilikuwa kwenye idadi ya maombi ambayo seva inakubali kuyashughulikia kwa wakati mmoja. Kwangu ilikuwa 20. Ukinunua hosti ya namna hiyo, uliza namba hiyo kabla hujauliza bei.

Shemeji yangu anafanya kazi za IT Dar. Nikampigia.

"Shem, hamia kwenye wingu kubwa, uweke ile ya kujipanua yenyewe. Wageni wakija wengi, seva zinaongezeka, wakiondoka zinapungua. Utalala usingizi."

Wingu ni kukodi seva za kampuni kubwa na kulipa kwa kadiri unavyotumia. Nikamsikiliza. Oktoba 2023 tovuti haikuanguka hata mara moja, hilo silikatai. Mwezi wa kumi na moja bili ikaja: karibu dola 190, yaani kama laki tano. Ada nzima ya tovuti kwa mwaka uliotangulia haikufika laki mbili. Nilikaa na ile karatasi mezani hadi usiku wa manane nikitafuta ni mashine gani iliyokula hela, na mashine zenyewe zilikuwa sehemu ndogo tu. Zaidi ya dola 110 zilikuwa za data inayotoka, yaani faili zinazotoka kwenye seva kwenda kwa wageni. Kuingiza data ni bure, kuitoa unalipa: gigabaiti 100 za kwanza wanakusamehe, kisha senti 9 za dola kwa kila gigabaiti. Shemeji hakuwahi kunitajia hilo, na mpaka leo nikikutana na watu wanaoshauri wingu bila kutaja bei ya data inayotoka, nachukia.

Usiku uleule nikafungua logi ya seva, yaani orodha ya kila ombi lililofika, nikaipanga kwa faili zinazoombwa mara nyingi. Ndipo jambo lote likafunguka. Watu hawakuwa wanaipa kompyuta kazi ngumu yoyote. Karibu wote walikuwa wanachukua faili zilezile ishirini na tano, kila moja kama megabaiti 6. Majibu nilikuwa nayaandika kwa mkono, nayapiga picha kwa simu, nayageuza PDF. Wanafunzi elfu tisa, mara faili 25, mara megabaiti 6: ni zaidi ya gigabaiti 1,300. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza, na mimi mwalimu wa hisabati sikuwa nimeifanya.

Kilichoniuma zaidi ya bili ni upande wa pili wa hesabu. Kila mtoto aliyechukua faili zote ametumia megabaiti 150 za bando lake. Wengi wanaazima simu ya mama au ya kaka.

Basi likizo ya Desemba niliimalizia kwenye faili hizo. Nilizipitisha kwenye Ghostscript, programu ya kubana PDF, rangi nikaiondoa ikabaki nyeusi na kijivu, msongamano nikaushusha hadi nukta 150 kwa inchi. Jaribio la kwanza nilikwenda 72, vipeo vikawa havisomeki, mraba na mchemraba vinafanana, nikarudia zote. Kwa 150, megabaiti 6 zikawa kilobaiti 700 hivi. Nilifungua moja kwenye simu ndogo ya jirani yangu, tukasoma kila mstari.

Baada ya hapo kuchagua hosti kukawa kwepesi. Faili zote nikazipeleka Cloudflare R2, ghala la faili la mtandaoni, kwa sababu hawatozi data inayotoka, na gigabaiti 10 za kwanza za kuhifadhi ni bure. Zangu hazifiki hata 2. Kurasa zenyewe, ambazo nazitengeneza kwa programu ya WordPress, nikazifanyia kache kwenye Nginx, programu ya seva inayowapa wageni kurasa, ili ukurasa utengenezwe mara moja na wote wanaofuata wapewe nakala.

Palibaki swali la seva ikae wapi. Kampuni kubwa zina vituo vya seva Afrika Kusini: Microsoft wako Johannesburg tangu 2019, Amazon walifungua Cape Town 2020, Google wakaja Johannesburg 2024. Ni karibu zaidi nasi, lakini data inayotoka huko ni ghali kuliko ya Ulaya. Nilipopima kwa simu, kwenda Ujerumani na kurudi ilikuwa kama milisekunde 180, Afrika Kusini chini ya nusu ya hapo. Kwa mchezo au simu ya video tofauti hiyo ni kubwa. Kwa ukurasa wa maswali uliopunguzwa uzito, wanafunzi niliowajaribisha hawakuiona. Nikachukua seva ya kampuni ya Hetzner, Ujerumani: RAM (kumbukumbu ya kazi) gigabaiti 4, chini ya euro 5 kwa mwezi wakati huo, na data inayotoka hadi terabaiti 20 imo ndani ya bei. Kulipa nililipa kwa kadi ya mtandaoni. Kabla ya kuhama nilishusha TTL ya domeni (muda ambao mitandao hukumbuka anwani ya seva ya jina la tovuti) hadi sekunde 300 siku mbili mapema, ndiyo maana hakuna aliyegundua.

Sasa ile ya kujipanua naifanya kwa mkono, na naipenda. Mtihani una tarehe, hauji kwa kushtukiza. Wiki mbili kabla, saa tisa usiku, naizima seva, naiongezea RAM na vichakataji, naiwasha. Diski siigusi kamwe: ukishaikuza hairudi kuwa ndogo, na hapo umefungwa kwenye bei ya juu. Mtu asikudanganye pia kwamba ukiizima hulipi. Ikiwa imezimwa wanaendelea kukutoza, mpaka uifute.

Oktoba 2024 walikuja zaidi ya elfu kumi na nne. Usiku wa kuamkia mtihani wa hisabati nilikaa naangalia grafu ya kichakataji mpaka saa sita, haikuvuka asilimia 30. Mtihani ulipokwisha nikaizima dakika tano, nikairudisha kwenye udogo wake, kisha nikampigia shemeji nikamsomea bili.